Andika "sikuona kitu": kwa anayeanza kujitolea kwenye hifadhi ya wanyamapori ya jamii

Wiki yangu ya tatu hifadhini niliandika neno moja kwenye daftari la doria, na kwa ajili ya neno hilo mifugo ya vitongoji viwili ikawa inarudishwa zizini jua likiwa bado juu, na watoto wakawa wanasindikizwa kuchota maji. Siku nne mfululizo. Neno lenyewe lilikuwa "chui".

Nilikuwa nimewatangulia wenzangu kwenye kijito kilichokauka. Mchanga ulikuwa bado na unyevu wa mvua ya usiku, nikaona nyayo nne zimekaa vizuri kama zimepigwa muhuri. Kubwa. Moyo ukanienda mbio. Nikapiga picha moja, nikaandika "nyayo za chui, mbichi, zinaelekea kwenye makazi", na jioni, hata buti sijavua, habari ilikuwa imeshafika kila mlango. Skauti mzoefu kuliko wote, yaani mlinzi wa doria wa hifadhi, hakuwepo siku hiyo. Aliporudi akaomba aione ile picha. Akaikuza kwenye simu, akanisogezea.

"Mwanangu, hivi vidoti mbele ya vidole umeviona?"

Sikuwa nimeviona. Mbele ya kila kidole palikuwa na tundu dogo, alama ya ukucha. Chui akitembea huyaficha makucha yake, na ndivyo walivyo karibu jamii yote ya paka isipokuwa duma, ambaye makucha yake hayaingii yote ndani. Kisha akanionyesha vidole viwili vya katikati: vimekaa sambamba. Kwa chui kimoja hutangulia kidogo, kama kidole chako cha kati kinavyotangulia mkononi. Na ule mto wa nyuma ya unyayo, kwa paka huwa na mawimbi matatu upande wa kisigino. Huu haukuwa nayo. Ukitaka kuhakikisha, alisema, jaribu kuchora alama ya X kati ya vidole na mto bila kuugusa mto. Kwenye unyayo wa mbwa X inapita. Kwenye unyayo wa paka mto unakuzuia.

X ikapita. Alikuwa mbwa mkubwa wa wachungaji.

Mzee hakunigombeza. Alichukua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya "chui" kwa namna ambayo neno bado linasomeka, akaandika pembeni "mbwa", akaweka tarehe na sahihi, akanirudishia niweke na yangu. Halafu akaenda mwenyewe mlango kwa mlango kuwaambia watu. Bora angenigombeza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni mwenye daftari anaweza kumwongezea mwenyeji ugonjwa, na ndiyo maana nakuandikia wewe unayefunga begi sasa hivi.

Wengi huja na picha ya mbuga yenye geti, uzio, askari wa serikali wenye sare na ofisi inayojibu kila swali. Hifadhi ya jamii ni kitu kingine. Ni ardhi ambayo wenyewe wanaishi pembeni yake au ndani yake, wameamua sehemu hii tulime, sehemu hii tuchunge kwa zamu, sehemu hii tuwaachie wanyama. Kila nchi ina njia yake ya kulihalalisha jambo hilo. Nepal, sheria ya misitu ya mwaka 1993 ilitoa nafasi ya kukabidhi misitu kwa vikundi vya watumiaji. Namibia, sheria ya mwaka 1996 iliwapa wakazi wanaojiunga pamoja haki ya kusimamia wanyamapori wa eneo lao na kunufaika nao. Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilizitambua rasmi hifadhi za jamii na za wenye ardhi. Popote utakapoenda, uliza mapema: ardhi ni ya nani, kamati ilichaguliwa vipi, na nani ana ruhusa ya kukuambia "hapana". Huyo wa mwisho ndiye mtu wako muhimu zaidi.

Daftari la doria ndilo mdomo wa kamati hiyo. Wakikaa kuamua malisho yafungwe lini, wanalifungua. Mtu akidai fisi kala mbuzi wake, wanalifungua. Wakihojiwa na wafadhili au na serikali kama kweli wanyama wapo, wanalifungua. Kwa hiyo mstari wako mmoja unaweza kumhamishia mtu malisho au kumnyima fidia. Aliyeuandika kwa mihemko, kama mimi, anakuwa amewaamulia watu mambo bila kuitwa kikaoni.

Sasa nije kwenye lile lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali: siku nyingi hutaona kitu. Utaamka alfajiri, utatembea kilomita nane, utarudi na miiba kwenye soksi, na ukurasa wako utakuwa mweupe. Kishawishi cha mgeni ni kuujaza. Ataandika "labda nyati", ataandika "sauti kama ya ngedere", au mbaya zaidi ataacha kuandika kabisa, akiona siku hiyo haikuwa na maana. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Kama wewe na wenzako mnaandika siku za bahati tu, mtu atakayesoma baada ya miaka mitano ataona hifadhi imejaa wanyama mwaka mzima. Hawezi kujua kwamba kwa kila siku ya kuona pofu wawili, wale swala wakubwa, palikuwa na siku kumi na tano za patupu.

Andika: tulianza saa ngapi, tulimaliza saa ngapi, tulikuwa wangapi, tulipita wapi, kilomita ngapi, hali ya hewa, wanyama: hakuna. Hilo "hakuna" lina uzito kwa sababu limebebwa na kilomita zilizotembewa. "Tuliona swala sita" bila kujua mlitembea umbali gani ni hadithi tu.

Wanaohesabu ndege walilijua hili zamani. Mwaka 1900, siku ya Krismasi, Frank Chapman wa Marekani aliwaita watu watoke wahesabu ndege badala ya kuwawinda, wakatoka watu 27 kwenye maeneo 25. Hesabu ile inaendelea mpaka leo kila mwaka, na thamani yake haiko kwenye mwaka wowote mmoja. Iko kwenye kurudia, sehemu zilezile, msimu uleule, hata mwaka ambao hakuna cha kusimulia. eBird nayo, mfumo wa kuandikisha ndege ulioanza mwaka 2002, kabla hujatuma orodha hukuuliza swali ambalo wageni wengi hulibonyeza bila kufikiri: je, unaripoti ndege wote uliowatambua? Ukijibu ndiyo kwa ukweli, basi ndege ambaye hayumo kwenye orodha yako naye amesema jambo: hukumwona wala kumsikia. Ukiwa umeandika wale wazuri wazuri tu, jibu hapana. Hakuna aibu.

Kama utapangwa kwenye kuhesabu ndege, habari njema ni kwamba darubini siyo chombo chako cha kwanza. Masikio ndiyo. Msituni utawasikia wengi kuliko utakaowaona. Mkifika kwenye kituo cha kuhesabia, simameni kimya dakika chache kabla ya kuanza, kwa sababu ndege walionyamaza walinyamaza kwa ajili yenu. Kisha hesabuni kwa dakika mlizokubaliana, siyo zaidi. Mgeni huvutiwa kuongeza dakika mbili "kwa sababu yule bundi alikuwa anakaribia kuita". Mwache aite. Dakika kumi ni dakika kumi, la sivyo kituo hiki hakiwezi kulinganishwa na kile.

Kamera za kutega, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, ndizo zinazowavuta vijana wengi, na mimi nilipewa kumi na mbili nizitunze. Mzunguko wangu wa kwanza nilirudi na picha zaidi ya elfu moja na mia nne kutoka kamera moja. Nilizipakua usiku ule ule nikitetemeka kwa hamu. Zote majani. Majani yanayumba kulia, majani yanayumba kushoto, majani jua la saa saba.

Kosa lilikuwa langu. Kamera hizi haziamshwi na mwendo peke yake; kihisio chake hupokea tofauti ya joto inayosogea. Nyasi zilizopigwa na jua zikiyumba mbele ya ardhi yenye ubaridi kidogo, kamera inaamini kapita mnyama. Kwa hiyo kabla ya kuondoka fyeka nyasi na vijiti mbele yake, hata vile unavyoviona vidogo, maana vitakua. Usiielekeze mashariki wala magharibi, jua la asubuhi au la jioni litaingia moja kwa moja. Kaskazini au kusini ni salama. Urefu wa goti la mtu mzima unatosha kwa wanyama wengi wa wastani. Usiiweke ikitazama njia kwa pembe mraba. Mnyama anayekwenda haraka atakuwa ameshapita, utabaki na picha ya mkia. Ielekeze kwa mshazari, imwone anavyokuja.

Halafu tambaa. Ndiyo, piga magoti upite mbele ya kamera kwa mikono na miguu, kimo cha mnyama unayemtaka, uone kama taa ya majaribio inawaka. Kila kamera iliyotegwa vizuri, picha yake ya kwanza ni ya mtu mzima anatambaa. Wenyeji watakucheka. Acha wacheke, wao wenyewe wanafanya hivyo hivyo.

Baada ya kutambaa simama mbele yake na kibao kilichoandikwa namba ya kamera, mahali, tarehe na saa. Saa hasa. Nilishawahi kuiacha kamera ikiwa imegeuza asubuhi kuwa jioni, na kwa mwezi mzima nikawa na kanu wanaozurura mchana na mbega wanaoruka usiku wa manane. Mtu mwingine asingegundua. Kibao chenye saa ya kweli kwenye picha za mwanzo ndicho kilichoniokoa, kwa sababu niliweza kusogeza muda wa kila picha mbele kwa saa kumi na mbili bila kubahatisha.

Betri usichanganye mpya na za zamani. Angalia siafu na buibui: utando wa buibui mbele ya lenzi usiku hung'aa kwa mwanga wa kamera na kufunika kila kitu. Fisi nao huzitafuna, sijui wanaonja nini. Na kama mnataka kutofautisha chui mmoja na mwingine, tegeni kamera mbili zinazotazamana, kwa sababu madoa ya ubavu wa kulia siyo ya kushoto. Ukiwa na ubavu mmoja tu kwenye kila picha unaweza kumhesabu chui mmoja mara mbili na ukajisifu.

Hesabu ya kamera nayo inafuata ile sheria ya kilomita. Kamera 10 kwa siku 30 ni siku 300 za kutazama, kama zote zilikuwa hai. Kama moja ilikufa siku ya tatu, usipozitoa siku zake zilizobaki utakuwa unadai ulitazama wakati ulikuwa umefumba macho.

Kuna picha nyingine ambazo hakuna aliyeniandaa nazo. Kamera haichagui. Niliwakuta wanawake wawili na kuni kichwani, kijana na binti ambao bila shaka hawakutaka kuonekana, na mwanamume mmoja akijisaidia. Hii ni njia yao ya kila siku na kamera ndiyo iliyokuja juzi. Kabla hujategesha hata moja, uliza kamati ina utaratibu gani wa picha za watu: nani anaziona, nani anazifuta, na je, wakazi wameambiwa kamera ziko wapi? Kama utaratibu haupo, omba uwepo kabla ya kamera. Mimi nilimwonyesha mwenzangu mmoja ile ya yule kijana na binti, kwa kucheka tu. Ndani ya wiki moja kamera mbili zikapotea, na sikuwa na uso wa kuuliza nani kazichukua.

Tukiwa bado kwenye picha: simu yako huandika mahali ulipo ndani ya picha yenyewe. Ukimpata kakakuona au kiota cha tai na ukairusha picha mtandaoni siku hiyohiyo, umemchorea ramani mtu usiyemjua. iNaturalist, mtandao wa watu wanaoandikisha viumbe walivyoviona, huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, ikionyesha kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2 tu, ambacho karibu na ikweta ni kama kilomita 22 kila upande. Mitandao ya kawaida ya marafiki haikufichii chochote kwenye maelezo unayoyaandika mwenyewe. Zima mahali kwenye kamera ya simu, subiri, na usitaje jina la bonde.

Mitego ya waya utakutana nayo. Mtu anayeuona mara ya kwanza huwa na hasira, anaung'oa, anautupa kichakani. Usifanye hivyo. Kwanza simama, usipige hatua nyingine. Mitego hii huwekwa kwa safu, mmoja ukiuona jua kuna mingine kwenye pengo la kila kichaka, na mguu wako nao ni mguu. Mwite skauti. Apige picha, achukue mahali, aandike aina ya waya na kama una manyoya au damu, ndipo ung'olewe, na waya wote urudi kambini uhesabiwe. Waya uliotupwa kichakani utaokotwa na kutegwa tena. Hapa pia namba tupu inadanganya: mwezi wa mitego 40 si lazima uwe mbaya kuliko mwezi wa mitego 10, kama ule wa 40 mlitembea mara tano zaidi.

Ukimkuta mnyama akiwa hai tanzini, rudi nyuma mpaka asikuone, toa taarifa kwa daktari wa wanyama au mamlaka inayohusika, ubaki kimya. Ukimkaribia atajivuta na waya utazama zaidi. Na ukimkuta binadamu anayetega, hujaja kukamata mtu. Geuka, ondoka, toa taarifa. Nimewaona watu wa kujitolea wanaojiona makamanda baada ya wiki mbili. Hao ni hatari kwa skauti wanaotembea nao kuliko kwa majangili.

Juu ya hilo la kukamata, kuna jambo linalowachoma wageni wengi, nami lilinichoma. Msimu wa kiangazi nilikuta mbuzi kama thelathini ndani ya eneo lililofungwa. Nikakimbia kambini nikitegemea faini, pengine polisi. Kamati ikamwita mchungaji, ikamsikiliza, ikamwonya, ikaandika jina lake. Basi. Nilikasirika, nikaona hakuna uhifadhi hapo. Baadaye ndipo nikasoma juu ya Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliyetumia maisha yake kuchunguza watu wanaotunza kwa pamoja maji, misitu, malisho na uvuvi bila mwenyewe mmoja. Katika zile jumuiya zilizodumu aliona mambo yanayojirudia: sheria zimetungwa na watumiaji wenyewe, wanaolinda wanawajibika kwa watumiaji hao, na adhabu hupanda ngazi taratibu, kosa la kwanza dogo, la pili kubwa zaidi. Lile onyo nililoliona ulegevu lilikuwa ngazi ya kwanza. Yule mchungaji hakurudi tena mle, na mwaka uliofuata ndiye aliyekuja mbio usiku kutuambia kuna moto upande wa mashariki. Kama angefungwa kwa kosa la kwanza sidhani angepiga hodi.

Mengine ya usalama nitayapitia haraka, siyo kwa sababu ni madogo, ila ni mafupi.

Mtoto wa swala aliyelala peke yake nyasini hajatelekezwa. Mama humficha, akaenda kula, akarudi kumnyonyesha. Ukimbeba umemwiba. Kifaranga aliyeota manyoya anayerukaruka chini naye mara nyingi anajifunza tu, wazazi wako juu wanakutazama vibaya.

Mnyama wa mwituni asiyekuogopa, anayekuja kwako kama mbuzi wa nyumbani, muogope wewe. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akikung'ata au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mzoga usiuguse wala kuupasua ili "kujua kilichomuua". Kimeta huacha mbegu zake kwenye udongo kwa miaka na miaka, na mzoga ukifunguliwa ndipo vijidudu vyake hukutana na hewa na kugeuka kuwa mbegu hizo. Ukiona damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, rudi nyuma, piga picha kwa mbali, toa taarifa.

Nyoka: buti, tochi, na usiweke mkono mahali ambapo jicho halijatangulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi ni watu wa mashambani wanaofanya kazi zao za kawaida. Mtu akiumwa, vua pete na bangili kabla hajavimba, mtulize, usimchanje, usimfyonze, asitembee kama anaweza kubebwa, na safari ya hospitali ianze wakati huo. Kabla hujaanza doria yako ya kwanza uliza hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka na gari litatoka wapi. Ukiona wanatazamana, hilo ndilo jambo la kuzungumza kwanza kabla ya kamera na ndege.

Kuna kazi ambayo hakuna anayeipigia picha, nayo ni kung'oa lantana. Mmea huu uliletwa kutoka nchi za joto za Amerika kama ua la bustani, ukatoroka, ukafunika malisho. Maua yake yanapendeza, ya manjano na waridi kwenye kishada kimoja, ndiyo maana watu waliupanda. Siku yangu ya kwanza nilipewa panga na sehemu ya kusafisha, nikafanya kazi kama trekta mpaka saa sita. Mama mmoja wa kikundi cha miche alipita akasimama, akashika kiuno.

"Haya mwanangu, umefyeka vizuri. Na hii miti yangu imekukosea nini?"

Nilikuwa nimeikata miche kumi na mmoja ya miti ya asili waliyoipanda msimu uliotangulia. Akaniketisha, akanipa tawi. Shika shina, akasema. Lina pembe nne na vimiiba vidogo. Pitisha kidole kwenye jani, linakwaruza kama msasa. Ponda, unuse. Harufu ile kali sijaisahau. Tangu hapo sikati kitu nisichokishika, kukikwaruza na kukinusa. Akanifundisha pia kwamba kufyeka juu ni kuupogoa. Mmea huchipua mara mbili. Unachimba kidogo, unakata mzizi mkuu sentimita chache chini ya udongo, unaugeuza mizizi juu ukauke. Na ufanye hivyo kabla matunda hayajaiva, la sivyo ndege watayala na kukupandia upya hifadhi nzima.

Yule mama alikuwa anajua zaidi ya miti sitini kwa jina, kwa jani na kwa kazi yake. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwomba aandike. Nilikaa naye jioni nyingi, yeye anataja, mimi naandika na kubandika jani, na ile orodha ndiyo kitu pekee nilichofanya mwaka ule ambacho naona bado kinatumika. Siyo kamera.

Kwa hiyo ukiulizwa unaweza kufanya nini, usiseme "chochote". Chochote haifai. Sema unajua kutengeneza pikipiki, au kuandika kwenye kompyuta bila kutazama vidole, au kushona. Mwezi wangu wa sita niliupitisha ndani ya chumba chenye joto nikinakili madaftari ya doria ya miaka tisa kwenye jedwali la kompyuta. Hakukuwa na tembo hata mmoja. Ila nilipoumaliza, kamati iliona kwa mara ya kwanza kwamba mitego mingi hupatikana wiki zilezile kila mwaka, wakabadilisha ratiba ya doria. Kwenye madaftari yale niliyapita mamia ya mistari ya "hakuna", iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi na watu waliolowa mvua. Bila mistari hiyo jedwali lisingesema kitu. Kalamu ya risasi, kwa njia, ndiyo ya kubeba. Wino hukimbia na mvua.

Usiahidi. Watoto watakuuliza utarudi lini, wazee watakuuliza kama kwenu kuna watu wanaoweza kusaidia kujenga hiki au kile. Jibu unachokijua. "Sijui" inavumilika, ahadi ya mgeni hukumbukwa hata na wajukuu. Useme mwanzoni utakaa muda gani, na ukikaribia kuondoka, wiki mbili kabla, siyo siku ya mwisho, mfundishe mtu wa palepale kila kitu ulichokuwa ukikifanya peke yako. Mwache akifanye mbele yako, akosee, arekebishe. Andika nywila zote kwenye karatasi moja uikabidhi kwa katibu. Rudisha memori kadi, hata ile iliyoharibika, maana kuna mtu atakayeitafuta.

Na kagua mifuko yako. Mimi nilishuka basi mwisho wa safari nikakuta ufunguo wa makufuli ya kamera zote mfukoni mwa suruali. Niliurudisha kwa dereva wa basi lililokuwa linageuza, nimeufunga kwenye bahasha. Ulichukua siku tano kufika. Nilipopiga simu kuomba radhi, yule mzee akaniambia zile siku tano ameziandika: kamera kumi, hazikukaguliwa, sababu: ufunguo.